Tanga Lililonyamaza

Kando ya ziwa la mji, pale vyombo vinapofungwa, palikuwa na kiti cha kinyozi. Kiti halisi cha chuma, cha kuzunguka, chenye pedali ya kupandishia, ngozi imepasuka na sponji linachungulia. Kilizeekea kazini. Mwenyewe, mzee mnene mwenye kucheka kwa tumbo ambaye kila mtu alimwita Kinyozi, alikileta hapo kwa mkokoteni badala ya kuwapa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kazi mpya ya kiti hicho ilikuwa moja tu. Kila Alhamisi jioni aliyeshinda mashindano alikikalia kama mfalme, na walioshindwa wakamfungia mashua yake, wakamkunjia tanga na kummiminia chai huku wakimtukana.

Mashindano yenyewe yasikutishe. Walikuwa watu wazima wanne, wajukuu wanawaita babu, kila mmoja na kimashua chake cha mbao nyembamba chenye tanga moja. Walitoka gatini hadi pipa jekundu lililofungwa kwa mnyororo katikati ya ziwa, wakalizunguka, wakarudi. Hapakuwa na kombe wala refa. Alikuwapo Kinyozi. Alikuwapo Mwalimu, aliyestaafu kufundisha hesabu lakini hakustaafu kusahihisha watu. Alikuwapo Bomba, fundi wa mabomba ya maji, mdomo wake hauna breki. Na alikuwapo Sindano, fundi cherehani, ambaye habari hii ni yake.

Jina la Sindano lilimfaa kwa kazi na kwa umbo. Alikuwa mrefu, mwembamba, na shingo iliyoinama kidogo kwa kuitazama nguo miaka yote hiyo. Chumba chake cha kazi kilitazama barabara: cherehani mlangoni ili mwanga uingie, meza ya kukatia katikati, suti za watu zimening'inia juu ya kichwa chake. Amewashonea wanaume suti za harusi, kisha akazipanua kiuno suti hizohizo vitambi vilipokuja. Mkewe alikaa chumba cha ndani akitia vifungo na kupiga pasi. Binti yao mmoja aliolewa mbali, hupiga simu Jumapili. Hawakutajirika, na hawakulala njaa.

Matanga yote manne ya pale ziwani aliyashona yeye, na kwa kuwa watu wale ni mabahili wa kutupwa, kila mmoja alimletea kitambaa alichookota. Tanga la Mwalimu lilitokana na nailoni ya miavuli mibovu. La Bomba lilikuwa turubai la lori. Kinyozi alileta mashuka ya saluni, yale anayowafunga wateja shingoni, na Sindano akayaunga moja moja mpaka likatoka tanga la mistari lililoonekana kama pajama. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Lakini lilivuta upepo vizuri, na kila tanga lilikuwa na sauti yake. Miavuli ilinong'ona, turubai lilibweka, na mashuka ya Kinyozi yalikuwa yakipigapiga bila kukoma, kama mtu anayekung'uta nguo kabla ya kuianika.

Sauti hizo ndizo zilizokuja kumsaidia Sindano baadaye, na ndizo zilizomponza.

Macho yalianza kumwibia pembeni. Kwanza akawa anagonga bega kwenye fremu ya mlango wa nyumba aliyoishi nusu ya umri wake. Kisha uzi ukawa hauingii. Kisha siku moja akamkabidhi bwana harusi koti jeusi lenye mkono mmoja wa bluu iliyoiva, na yule kijana, kwa adabu zake, akasema labda ndiyo mtindo. Mkewe alifumua mkono ule akaushona upya. Sindano akaenda kliniki peke yake. Daktari alimmulika, akamwambia ni presha ya macho, mshipa umeshaumia, kilichokwenda hakirudi, na kilichobaki nacho kitakwenda polepole. Akampa dawa ya matone. Akamshauri aje na mtu wa familia mara ijayo.

Hakuja na mtu. Alifika nyumbani akasema ni mgongo.

"Daktari kasema nipumzike kuinama," alimwambia mkewe.

"Mgongo?" mkewe akauliza.

"Mgongo."

Mkewe akasema, "Basi pumzika, baba." Cherehani ikafunikwa shuka. Tangu siku ile, nyumbani mle hakuna kiti kilichosogezwa tena kutoka mahali pake, na kikombe chake kiliwekwa sikuzote upande wa mkono wa kulia. Sindano aliona ni mke nadhifu tu. Wanaume tuna akili ya ajabu, tunaamini lile linalotufaa.

Kilichobaki ni Alhamisi. Majini hakuna vizingiti, hakuna magari, hakuna mtu wa kukushika mkono akuvushe barabara huku watu wanakutazama. Akishika usukani alikuwa mtu mzima kama wenzake. Aliogopa kitu kimoja tu duniani: siku wenzake watakapojua, watamtoa kwenye mashua kwa upole, watampa blanketi na kiti cha dirishani, na atakaa hapo akisubiri kulishwa. Alijiapia kwamba hilo halitatokea angali anapumua. Akajikaza kisabuni.

Na aliweza. Upepo aliusikia shingoni. Pipa jekundu lilikuwa likigonga mnyororo wake, ko, ko, alilijua kwa sikio. Wenzake aliwajua kwa matanga. Katikati ya macho alibakiwa na kitundu kidogo cha kuonea, ila jua likiinama na kupiga maji, hata kitundu hicho kilijaa weupe kama maziwa. Basi akawa anafumba macho kabisa na kwenda kwa masikio. Ajabu yake, mwaka ule ndipo alipoanza kushinda. Alishinda kuliko alivyoshinda ujanani. Akakizoea kile kiti cha chuma, na chai ya mshindi, na matusi ya Bomba.

"Mzee wa mgongo huyo," Bomba alisema. "Mgongo mbovu, lakini mashua inaruka. Ungeharibika na magoti ungefika mwezini!"

Kinyozi alicheka kwa tumbo, akamwekea mkono begani. Siku hizo alikuwa na tabia hiyo, kumwekea mkono begani. Hata saluni, Sindano akienda kunyolewa, alitoka nje kumpokea kwenye ngazi, na akimaliza humsindikiza hadi barabarani, mkono begani, akipiga soga.

Sasa kuna desturi moja ya watu wale ambayo lazima niiseme, maana bila hiyo mtu angeuliza kwa nini Sindano hakutii alipoitwa. Wakiwa majini walikuwa wakidanganyana. Huo ndio uliokuwa utamu wenyewe. Mmoja akimkaribia mwenzake hupiga kelele, "Mwamba! Mwamba mbele yako!" na hakuna mwamba. Au, "Kamba yako imekatika!" Anayeshtuka na kugeuka amepoteza mwendo na amekuwa kichekesho cha wiki nzima. Mwalimu aliwahi kudanganywa kwamba suruali yake imepasuka, akaachia usukani kuikagua. Kwa hiyo kila mmoja alijifunza kuziba masikio. Kadiri mtu alivyopiga kelele ndivyo ulivyokaza kamba na kwenda mbele.

Alhamisi ile upepo ulikuja na hasira. Bomba aliangalia mawingu akasema tuahirishe. Mwalimu akasema kwa hesabu zake upepo utatulia. Sindano ndiye aliyekata shauri, maana alikuwa amekaa wiki nzima kwenye chumba chenye cherehani iliyofunikwa. "Mnaogopa upepo, au mnaogopa kunimiminia chai?" alisema. Wakavaa majaketi yao ya kuokolea, yale mekundu mazito ambayo Bomba aliwalazimisha kununua baada ya yeye mwenyewe kukaribia kuzama mwaka mmoja, wakaondoka.

Walikwenda vizuri hadi kwenye pipa. Sindano alilisikia likigonga, akalizunguka, akageuza pua ya mashua kuelekea gatini. Jua lilikuwa mbele yake moja kwa moja, akafumba macho. Nyuma kulia aliwasikia Mwalimu na Bomba. Mbele yake kidogo, kushoto, mashuka ya Kinyozi yalikuwa yakipigapiga kwa kasi. Ni yeye tu aliyekuwa amebaki wa kumpita. Damu ikamwenda mbio kama kijana.

Halafu upepo ukaja mwingi kwa mpigo mmoja, na mashuka ya Kinyozi yakanyamaza.

Sindano alifurahi. Hilo alilikumbuka baadaye kuliko mengine yote, kwamba alifurahi. Alijua tanga likinyamaza limekosa upepo, na mashua iliyokosa upepo imeachwa nyuma. Tanga lililolala juu ya maji nalo halina sauti, lakini hilo halikumjia. Akakaza kamba, akaegemeza mwili nje, mashua ikaruka.

"Kata kulia!" Mwalimu alipiga kelele nyuma yake. "Sindano, kata! Kuna mtu!"

Sindano akatabasamu. Kuna mtu, kuna mwamba, suruali imepasuka.

"Sindano!" Hiyo ilikuwa sauti ya Bomba, imepasuka katikati. "Sindano, wallahi, kata!"

Akakaza zaidi.

Sauti ya tatu ilitoka mbele, chini sana, usawa wa maji, mahali ambapo sauti ya mtu haitakiwi kutoka. Haikuwa kelele. Ilikuwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake kwa ukaribu, kama kutoka upande wa pili wa meza.

"Sindano, ni mimi."

Akavuta usukani. Mashua ikaanza kutii, ikachelewa. Ile ya Kinyozi ilikuwa imepinduka, na Kinyozi mwenyewe alikuwa akielea kando yake, na jaketi lile zito lililonunuliwa ili asizame halikumruhusu kupiga mbizi ajinusuru. Pua ya mashua ilimpata kichwani. Sindano aliusikia mgongano miguuni, mdogo tu, kama kugonga gati unapofika.

Walimtoa, wakampakia kwenye gari la Bomba pamoja na mabomba. Hospitali walimlaza kwenye kitanda cha karibu na mlango, wakamfunga kichwa. Hakufumbua macho. Kabla hakujapambazuka alikata roho, na mkewe ameshika mguu wake juu ya shuka, maana mikono yote miwili ilikuwa na mipira ya dawa.

Kila mtu alisema ni ajali. Mlinzi wa ziwa alikuja msibani kwa baiskeli, akauliza maswali machache, akapewa chai. Watu walimwonea Sindano huruma kuliko walivyomhurumia mtu mwingine yeyote isipokuwa mjane. Walikuja mmoja mmoja wakamshika mkono. "Jipe moyo, ndugu yetu. Hata ingekuwa mimi." Alikaa kwenye kiti cha plastiki uani, akajibu asante, asante.

Siku iliyofuata mazishi walikutana ziwani watatu kuzitoa mashua majini. Hakuna aliyekwenda karibu na kile kiti.

"Mlinzi nimeshamalizana naye," Mwalimu alisema. "Nimemwambia giza lilikuwa limeingia. Na sisi sote tuseme hivyohivyo, yaishe."

"Giza lipi?" Bomba akauliza.

"Bomba."

"Nakuuliza giza lipi, Mwalimu? Jua lilikuwa linawaka! Mimi nilikuwa nyuma yake na kichwa cha yule mzee nilikiona."

"Bomba, tuliahidiana."

"Niliahidi kumpisha. Sikuahidi hili." Bomba aliitupa kamba chini. Alikuwa analia bila kujificha, mtu mzima na mikono yake yenye grisi. "Sindano, ndugu yangu, unadhani ulikuwa unashinda? Hujashinda hata mara moja. Ukija, tunakupisha. Ukielekea kwenye mawe, mmoja wetu anapita mbele yako akipiga makelele ili ugeuze. Mwaka mzima! Mimi nimeshasahau kushindana kukoje. Sasa mtu aliyeko ndani ya maji angekupishaje?"

Sindano alishika ukingo wa mashua. Alitaka kukasirika, hasira ikagoma kuja, ikaja aibu, nzito, ikamkalia kifuani.

"Nani aliwaambia?" akauliza.

Mwalimu alikuwa akikunja tanga la mistari, akilikunjua, akilikunja tena.

"Yeye?" Sindano akasema.

"Yeye," Mwalimu akasema. "Alitukataza tusikwambie. Alisema utaumia."

Hakurudi nyumbani. Alikwenda saluni, ambako nyuma yake ndiko Kinyozi alikoishi. Njia aliijua kwa miguu. Alipofika barazani alijikwaa vibaya kwenye ngazi ya kwanza, akapasua ugoko, akashika ukuta. Alisimama akishangaa. Ngazi zile alizipanda maisha yake yote, na hakuwahi kujikwaa hapo.

Mjane alikuwa ndani ya saluni, amekaa kwenye benchi la wateja. Jamaa waliokuwa naye walipomwona Sindano wakatoka uani, wakawaacha.

"Karibu, shemeji," mjane akasema. "Unatoka damu."

"Sio kitu. Shemeji, nimekuja kusema jambo, na ukitaka nitakwenda kulisema na kwa mlinzi, na popote." Aliongea haraka, asije akajionea huruma njiani. "Giza halikuwapo. Mimi sioni. Nimekuwa sioni muda mrefu, nikaficha. Niliitwa sikukata. Nilidhani wananidanganya. Nimemuua rafiki yangu, shemeji... nimemuua mume wako."

"Najua," mjane akasema.

"Unajua nini?"

"Kwamba huoni." Alinyanyuka. Sindano alisikia droo ikifunguliwa, kisha kitu kikiwekwa mkononi mwake. Kilikuwa kioo cha mkono, chenye mpini wa plastiki, kile cha kumwonyesha mteja kisogo chake. "Siku moja alimaliza kukunyoa, akashika hiki nyuma ya kichwa chako ujitazame. Alikishika kinyume, upande wa plastiki. Alikosea tu. Wewe ukatazama mbele ukasema, 'Safi kabisa, umenitoa bwana harusi.' Akadhani unamtania. Mara iliyofuata akakigeuza makusudi. Ukasema vilevile."

Sindano akakipapasa kile kioo. Upande mmoja ulikuwa baridi, upande mwingine una mikwaruzo.

"Siku hiyo alikuja ndani akalia hapo jikoni," mjane aliendelea. "Hakula. Nikamwambia, mwambie rafiki yako. Akasema, 'Nikimwambia ataacha kuja ziwani, na akiacha kuja atakufa.' Nikamwambia mtaumizana. Akasema yeye atakuwa karibu yako sikuzote. Haya, shemeji. Ona sasa nani amekufa."

"Nisamehe."

"Usiniombe leo. Sijui. Labda sitaweza, sitaki kukudanganya." Sauti yake ilikuwa na hasira ndani yake. "Mmoja wenu angesema. Wewe au yeye, neno moja tu. Mmekaa humu kila wiki, wembe shingoni, mnaongea mpira na siasa na wake zenu, na kumbe mnapakana mafuta kwa mgongo wa chupa. Nenda kamwambie mkeo. Nadhani naye anajua, ila nenda ukamwambie kwa mdomo wako."

Sindano alikiweka kioo juu ya benchi, taratibu, mpaka alipohakikisha kimekaa. Akageuka akautafuta mlango kwa mkono. Huko nje kulikuwa na mwanga mweupe mtupu.

"Shemeji," mjane akamwita nyuma yake. "Mbele yako kuna ngazi tatu za kushuka. Ya mwisho imevunjika upande wa kulia."

Akasimama na mkono kwenye fremu ya mlango. "Imevunjika lini?"

"Zamani. Ndiyo maana alikuwa anakusindikiza."

Sindano alibaki pale kizingitini. Bega lake la kushoto alilihisi tupu, kama mtu aliyevuliwa koti. Watu walikuwa wakipita barabarani na hakuna aliyesimama. Akashusha mguu mmoja, akaanza kuitafuta ngazi ya kwanza.